OVENI KIJIJINI: ANASA AU JEMBE?

Najua wako waliotaka kuandika juu ya mambo mazito kama vile ukabila, ulevi na migomo ya shule. Mimi naandika juu ya skonzi. Wenzangu wa Kidato cha Tatu walipopata habari walicheka hadi mwalimu wa zamu akaja kuuliza kulikoni. Wacheke tu. Kicheko chao ndicho kilichonifanya niandike.

Muhula uliopita, katika mjadala wa Ijumaa wa chama chetu, hoja ilikuwa kwamba vyombo vya umeme vya jikoni ni anasa kwa mtu wa kijijini. Mimi nilikuwa upande wa upinzani. Tulishindwa vibaya. Mtetezi mmoja wa hoja alisimama akauliza, "Mkulima wa viazi wa Keringet ataka oveni ya nini? Kwani viazi vimekataa kuiva kwa kuni?" Makofi yaliyopigwa hapo yalisikika hadi bwenini. Nilikaa kimya. Si kwamba sikuwa na jibu, ila jibu langu lilikuwa la nyumbani kwetu, na niliona haya kulitoa mbele ya ukumbi mzima. Leo nalitoa, na huyo mtetezi ajue kwamba sitasema yeye alikosea kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu skonzi yenyewe. Skonzi anayoijua Mkenya ni ile ya hamira, laini, tamu kidogo, imebanana na nduguze katika pakiti, na hutoka mjini kwa gari la mikate. Neno tumelikopa kwa Waingereza, lakini wao wana kitu kingine. Skonzi yao asili yake ni Uskoti na haina hamira hata chembe. Huumuliwa kwa poda ya kuokea, ile ya mkebe, au kwa magadi ya soda na maziwa yaliyochachuka. Haikandwi sana wala haingojewi iumuke kama mkate. Tangu kuchota unga hadi kunywea chai haifiki saa moja. Hapo zamani hata oveni hawakuihitaji, waliichoma juu ya bamba la chuma motoni kama vile sisi tunavyochoma chapati.

Walowezi walipokuja kukaa nyanda hizi za Njoro na Molo mwanzoni mwa karne ya 20, walikuja na chai yao ya saa kumi na skonzi zake. Je, nani aliyewaokea? Wavulana wenzangu mnaocheka, hapa mtege sikio: wapishi katika nyumba za walowezi wengi wao walikuwa wanaume. Walivaa kanzu nyeupe wakachekecha unga, na hakuna aliyewaambia kuwa kuoka ni kazi ya wasichana. Baadaye sana ndipo sisi wajukuu wao tulipoanza kuona haya kushika ungo.

Hata ngano haiko mbali nasi. Lord Delamere alijaribu kuilima Njoro miaka ile ya mwanzo, kutu ikamla shamba, akajaribu tena. Kampuni ya Unga aliyoianzisha ni ya mwaka 1908. Na kutu haijaondoka. Mwaka 1999 ilitambuliwa kule Uganda aina kali ya kutu ya shina, ikaitwa Ug99, na tangu 2005 ngano za nchi nyingi duniani hupandwa katika kituo cha utafiti cha Njoro ili ionekane ni ipi itakayoistahimili. Yaani mwanasayansi wa Marekani au wa Bara Hindi akitaka kujua kama ngano yake ina nguvu, huileta hapa kwetu, mwendo wa matatu moja au mbili kutoka Keringet. Hata hivyo nchi yetu hununua ngano yake nyingi kutoka ng'ambo, ndiyo maana vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei ya unga ilipanda hadi duka la mwisho la kijiji. Mama yangu hajui Ukraine iko wapi, lakini aliihisi mfukoni.

Sasa nije kwa oveni.

Mama huuza chai na viazi karai kando ya barabara. Gari la mikate lilikuwa likimwachia skonzi mara mbili kwa wiki, na mvua ikinyesha, lilikuwa haliji. Skonzi za Jumatatu zikiuzwa Alhamisi huwa ngumu hata mbwa huzitazama kwanza kabla ya kuzila. Wateja walilalamika. Mwaka juzi mwezi wa Julai mama akachukua mkopo wa shilingi 10,000 katika chama chao cha akina mama, akaenda Nakuru, akarudi na sanduku kubwa amelipakata kwenye matatu kama mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na oveni ya mezani, ile ya umeme yenye feni ndani yake. Bei yake ilikuwa 9,500. Mia tano zilizobaki zilikuwa nauli na mkebe wa poda.

Mpendwa msomaji, mwezi huo huo mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu ya karo. Salio langu lilikuwa 8,700.

Basi unaweza kuwazia kilichofuata. Baba si mtu wa kelele. Aliliangalia lile sanduku, akaniangalia mimi, akamwambia mama, "Mama watoto, hapa kuna karo ya huyu kijana, imetiwa kwenye bati." Mama akajibu, "Baba watoto, karo hiyo ni ya muhula mmoja. Muhula ujao utauza nini?" Baba akatoka kwenda kuangalia kondoo, ingawa kondoo walikuwa wameangaliwa tayari. Kwa wiki mbili hivi hakuligusa lile jambo wala hakuigusa ile oveni. Nami nilikaa katikati yao kama shoka katikati ya magogo mawili, kwa kuwa ndani ya moyo wangu nilikuwa upande wa baba. Nilitaka kurudi darasani. Mpaka leo sijamwambia mama hivyo, lakini kwa kuwa jarida hili hufika nyumbani, basi mama, ndiyo hivyo.

Tulioka mara ya kwanza siku ya Jumamosi. Shangazi alikuwa ametuazima kijitabu cha mapishi kilichosema oveni iwe nyuzi 220 na skonzi zikae dakika 15. Tukafuata kama amri za Musa. Dakika ya saba harufu ya kuungua ikatoka. Dakika ya kumi juu zilikuwa nyeusi tititi. Dada alipoikata moja kwa kisu, unga mbichi ukatoka kama uji. Zilikuwa zimepanda juu upesi, kisha zikainama upande mmoja kama walevi wa siku ya soko, na ladha yake ilikuwa ya sabuni. Isitoshe, ule waya wa ekstensheni ambao huwa tunauchajia simu ulianza kunuka na kulainika. Baba alipita mlangoni akatazama, akasema neno moja tu la Kikalenjin ambalo mhariri hatakubali kulichapa.

Nilikasirika sana. Nikadhani tumeuziwa oveni mbovu. Kumbe ubovu ulikuwa wetu, na hapa ndipo ningeomba wanaosema masomo ya sayansi hayana kazi nyumbani wanisikilize kidogo.

Kosa la kwanza lilikuwa feni. Katika oveni ya kawaida hewa ya moto imetulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Feni huisukuma ikazunguka, ikaondoa ule ubaridi unaokaa karibu na unga, basi chakula huiva haraka kwa joto dogo zaidi. Ni kama upepo wa Keringet asubuhi: baridi ni ile ile, lakini upepo ukivuma utaisikia mifupani. Kwa hiyo maelezo yaliyoandikiwa oveni isiyo na feni hupunguzwa karibu nyuzi 20. Tena oveni ya mezani ni ndogo, zile nondo zake za moto ziko karibu sana na chakula, kwa hiyo trei yapasa kuwekwa ngazi ya chini na kugeuzwa katikati ya muda, na skonzi ziachiwe nafasi ili hewa ipite. Sisi tulikuwa tumezipanga 16 zimebanana kama abiria, tena juu kabisa.

Nilisoma baadaye kwamba oveni ya feni iliundwa na Mmarekani mmoja aitwaye William Maxson katika miaka ya 1940 kwa ajili ya kupasha moto vyakula vilivyogandishwa, ili waliosafiri kwa ndege wale chakula cha moto. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu maktabani, kwa sababu kosa letu la pili lilikuwa ni kusahau kwamba sisi nasi tunaishi angani.

Keringet iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Maji hapa huchemka kabla ya kufika nyuzi 94, wala si 100 kama ilivyo Mombasa, ndiyo maana githeri yetu hukaa motoni mpaka mtu akasahau ameiweka. Katika skonzi jambo hilo huja kwa njia nyingine. Poda ya kuokea hutoa gesi ya kabonidayoksaidi, na gesi hiyo, ikikuta hewa nyepesi, hutanuka zaidi. Skonzi hupanda mbio kabla ya kuta zake kukauka, halafu huanguka. Yule aliyeandika kijitabu cha shangazi aliishi bondeni, pengine ufukweni. Alisema vijiko vinne vya chai vya poda. Tulipopunguza hadi vijiko viwili na nusu, skonzi zilisimama wima na ile ladha ya sabuni ikatoweka. Maziwa nayo tuliyaongeza kidogo, kwa sababu huku juu unyevu hutoka haraka.

Jambo la tatu alilivumbua mama mwenyewe, wala si kitabuni. Siku moja maziwa yaliganda, na badala ya kuyamwaga akayatia kwenye unga, akaweka na magadi ya soda kidogo. Zilitoka laini kuliko zote tulizowahi kuoka. Mwalimu wetu wa kemia atawaeleza: asidi ya maziwa lala ikikutana na magadi, gesi huzaliwa hapo hapo. Kwa hiyo asipoteze muda mtu kutembea hadi dukani kwa ajili ya skonzi na hali nyumbani kuna kibuyu.

Ile ya waya ni fupi lakini ndiyo ya hatari. Oveni yetu ni ya wati 1,500, nayo huvuta zaidi ya ampea sita. Waya mwembamba wa kuchajia simu hauwezi. Ichomekwe ukutani moja kwa moja, na isichomekwe pamoja na pasi au birika. Nimeona nyumba zetu za mbao, na nimeona moto. Siongezi neno.

Baada ya hapo mambo yalitengenea. Sasa tunawasha oveni dakika kumi ipate moto, tunaweka nyuzi 200, trei chini, skonzi 9 kwa mara moja, dakika 15. Hatufungui mlango kuchungulia, maana oveni ndogo ikifunguliwa joto lake lote hutoka. Kwa trei mbili huwa ni dakika 40, ambazo kwa wati 1,500 ni uniti moja ya umeme, na kusema kweli haifiki hata hiyo kwa kuwa ikishapata moto hujizima na kujiwasha yenyewe.

Najua wengi mtataka hesabu, nami nilimwahidi mwalimu mlezi kwamba sitaandika porojo. Kwa bei za dukani kwetu, skonzi 18 hula unga wa takriban shilingi 57, siagi ya mkebe ya 50, sukari ya 12, magadi na poda ya 10, na umeme wa 28. Maziwa ni ya ng'ombe wetu, lakini dadangu wa gredi ya nane, ambaye ndiye mweka hesabu, alikataa katakata tuseme ni ya bure, manake yangeuzwa. Akayaandika 20. Jumla ni 177. Skonzi moja huuzwa shilingi 15 pamoja na chai, kwa hiyo 18 ni 270. Faida ni 93. Siku ya kawaida huoka 36, siku ya soko 72.

Je, huo ni utajiri? Hata kidogo. Lakini shilingi 186 kwa siku ya kawaida ni zaidi ya alizokuwa akipata mama kwa skonzi za gari, na tena sasa wateja huja kwa sababu ya skonzi na kununua viazi, si kinyume chake. Karo yangu ya muhula wa pili mwaka jana, sehemu yake ilitoka hapo. Sisemi yote. Nasema sehemu.

Sasa niutoe upande wa baba, kwa maana haki ni haki. Mwezi wa Aprili mvua kubwa ilinyesha, mti ukaangukia nyaya, tukakaa siku tisa bila umeme. Siku tisa! Oveni ilikaa pale mezani kama kabati. Mama akarudia viazi karai, wateja wa skonzi wakaenda kwa jirani, na mwisho wa mwezi marejesho ya chama, shilingi 1,100, hayakuwepo. Katika chama cha akina mama hakuna kusema stima ilipotea. Aliyewalipa ni baba. Aliuza kondoo dume mmoja, tena yule aliyempenda, akazileta pesa akaziweka juu ya oveni bila kusema lolote. Mimi nilikuwepo kwa likizo, niliona. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kukopa kwa ajili ya chombo cha umeme mahali ambapo umeme hukatika ni kujitia kitanzi, sitambishia kwa sauti kubwa. Wala tusidhani ni shida ya kijijini peke yake, kwani mwezi wa Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizimika usiku mmoja, uwanja wa ndege ukiwemo.

Kadhalika wako ambao hata hizo nyaya za kuangukiwa na mti hawana. Ada ya kuunganishiwa umeme ilipunguzwa mwaka 2015 kutoka 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi za kwetu zikapata taa. Lakini si zote. Sote tunajivunia Faith Kipyegon, msichana wa hapa kwetu, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mara tatu mfululizo. Je, mnakumbuka ni lini nyumba ya wazazi wake kule Ndabibit iliwekwa umeme? Ni Agosti 2024, baada ya baba yake kulalamika hadharani kwamba hana njia ya kumtazama bintiye akikimbia. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mzazi wa bingwa wa dunia, basi mzazi wa mtu kama mimi na asubiri tu. Hapo hoja ya oveni haiwezi hata kuanza.

Kwa watu hao iko njia ya sufuria. Wanafunzi wa sayansi kimu wanaijua: sufuria kubwa, mchanga ndani yake, sufuria ndogo yenye skonzi juu ya mchanga, kifuniko, na makaa ya moto juu ya kifuniko. Nyanya yangu aliokea hivyo keki ya ubatizo wa baba, na sijasikia mtu akisema haikuiva. Ubaya wake ni makaa. Sisi tunaishi ukingoni mwa msitu wa Mau, mahali zinakoanzia Mto Mara, Sondu na Njoro, na kila gunia la makaa linalopita barabarani usiku tunajua limetoka wapi. Tumepanda miche shuleni kila mwaka, tumepigwa picha, kisha tunanunua makaa. Uniti moja ya umeme kwa skonzi 18 naiona ni nafuu, tena umeme mwingi wa nchi hii hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, hapa hapa katika kaunti yetu ya Nakuru, na kwenye maji na upepo.

Basi msimamo wangu ni upi? Yule mtetezi wa hoja aliuliza mkulima wa viazi ataka oveni ya nini. Jibu langu ni kwamba mkulima wa viazi ana maziwa, ana mayai, ana ngano ya jirani, ana baridi inayowafanya watu watake chai mara nne kwa siku, na hana mkate mbichi. Chombo kinachojaza pengo hilo si anasa. Televisheni kubwa ya inchi 43 iliyonunuliwa kwa pesa za mavuno, huku watoto wakila ugali mkavu, hiyo ndiyo anasa, na katika mjadala ule hakuna aliyeitaja kwa sababu wengi wetu tunayo. Hata hivyo asinunue mtu oveni kwa kuona ya mwingine. Mama alikuwa na kibanda chake na wateja wake miaka sita kabla ya kuinunua. Jirani yetu mmoja aliona, akanunua kubwa kuliko yetu, hana kibanda, hana wateja. Sasa anaweka vyombo ndani yake.

Ninayo maombi mawili kwa waheshimiwa walimu wetu, nami nayaleta kwa adabu zote. La kwanza ni kuhusu kantini. Skonzi tunazouziwa hapa hutoka mjini, na ikifika Alhamisi hufanana na zile nilizozisema pale juu. Wako wazazi wasiopungua wanne ninaowajua mimi, wa humu humu Keringet, ambao huoka. Wengine hudaiwa karo na shule. Je, haiwezekani mzazi akaleta skonzi asubuhi, zikakaguliwa usafi, na thamani yake ikakatwa kwenye salio la mwanawe? Nafahamu mambo ya risiti na ukaguzi si mchezo, na mhasibu wetu ana mengi. Lakini mwezi niliokaa nyumbani, mama alikuwa akiwauzia skonzi wanafunzi wa shule hii pale langoni siku ya kufungua, na mimi nikiwa nimesimama kando yake nikiwatazama wakiingia na masanduku yao. Hilo sitalisahau upesi.

La pili ni kuhusu sayansi kimu. Somo hili huchaguliwa na wasichana tu, na si kwa sheria yoyote bali kwa kuchekwa. Nilipotaka kulichagua Kidato cha Pili, rafiki zangu waliniita jina ambalo bado linanifuata hadi kwenye foleni ya chakula. Nikaogopa, nikachagua kilimo. Kilimo si kibaya. Ila ningekuwa nimesoma sayansi kimu, zile skonzi za Jumamosi ya kwanza hazingeungua, na yule kondoo labda angekuwa hai. Walimu wasisubiri mvulana ajitokeze mwenyewe, maana hajitokezi. Waseme tu kwamba mwaka ujao muhula mmoja kila mtu apite katika chumba hicho, avae aprini, aokote unga sakafuni. Atakayecheka acheke akiwa na unga puani.

Wasichana nao wasidhani nawapigia debe bure. Dada zetu wengi wanaojua kuoka vizuri hawajui kuitoza pesa kazi yao. Huokea harusi, huokea kanisa, huokea sherehe za shule, wakapewa asante. Dadangu ameanza kumwandikia mama hata saa anazokanda. Mama anaona ni utovu wa adabu kujihesabia jasho katika jikoni lake mwenyewe. Mimi na dada tunaona sivyo, na ugomvi huo bado haujaisha.

Deni la chama lilikwisha mwezi wa Juni mwaka jana, mwezi mmoja nje ya muda. Kilichosalia ni salio langu la muhula huu, na mama anasema litakwisha kabla ya mitihani, mvua ikiwa na huruma.

Nilipokuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, nilimkuta baba jikoni jioni, redio iko juu ya dirisha. Hajawahi kukubali kwamba alibadili nia, na mimi siulizi. Taarifa ya habari ilipoanza alifungua oveni akasukuma trei ndani, akafunga, akavuta kigoda. Ilipofika michezo akainuka akaigeuza trei, akaketi tena. Nikamwuliza kwa nini haangalii saa. Akasema saa ya ukutani betri yake imekwisha, lakini msoma habari hajamwangusha hata siku moja, isipokuwa zile siku ambazo Rais amehutubia taifa na skonzi zikaungua.